Barua kwa mwanangu anayefungua Jumamosi

Mwanangu mpenzi,

Jana uliponipigia kunieleza kwamba Jumamosi mnapiga kwenye baa, bendi nne usiku mmoja, na nyie mmepangwa wa kwanza, nilisikia sauti yako ilivyoshuka. "Ni baa tu, mama, na tena tunafungua." Nilikuwa barabarani, sikukujibu ipasavyo. Sasa nimetulia nikuandikie, maana usiku wa namna hiyo mimi naupenda kuliko tamasha lolote la uwanjani.

Hilo la "baa tu" liache kabisa. Mwaka 1971 bendi ya Wamarekani, Eggs over Easy, ilikuwa London ikitafuta pa kupiga. Wakaenda kuomba kwenye baa moja ya Kentish Town, Tally Ho, iliyozoea jazi. Wakapewa usiku mmoja, watu wakaja, wakaongezewa siku nyingine, na baa nyingi za jiji zikafuata. Miaka michache baadaye kundi la Dr. Feelgood likapata jina kwenye vyumba vya aina hiyo hiyo. Ni ule ukaribu, mwanangu. Kwenye baa msikilizaji anauona uzi wa gitaa ukitetemeka, anakuona unavyovuta pumzi kabla ya ubeti. Huwezi kumficha kitu, na yeye hawezi kukuficha kama umemgusa.

Fikeni mapema. Mara nyingi bendi itakayofunga ndiyo inayojaribu vyombo kwanza na itakayofungua inamalizia, ili vyenu vibaki vilivyopangwa muanze moja kwa moja. Kwa hiyo mtasubiri sana, na huenda waliotangulia wakala dakika zenu. Msinune. Mpeni fundi mitambo karatasi: mko wangapi, nani anaimba, chombo gani kinahitaji waya. Kama drams ni za wote, mpiga drams wenu aje na snea yake (ile ngoma ndogo yenye mlio mkali), matoazi yake na pedeli yake, asitegemee za watu. Na chumba kikiwa kitupu sauti itagonga kuta na kukurudia, utadhani mitambo ni mibovu. Watu wakishaingia, miili na nguo zao zitanyonya sauti, hasa ile kali ya juu, na mambo yatatulia. Joto nalo litapanda, nyuzi zitalegea. Tyuni tena dakika ya mwisho hata kama mlishatyuni jioni.

Kuhusu maikrofoni. Pengine utapewa Shure SM58, ile yenye kichwa cha wavu kilicho duara, iliyoingia sokoni mwaka 1966 na hadi leo imejaa majukwaani. Imeundwa isikie mbele na iwe nusu kiziwi nyuma, ndiyo maana spika yako ya chini, ile unayojisikilizia, huwekwa upande wa mgongo wake. Kwenye ile video uliyonitumia nilikuona umekikumbatia kile kichwa kwa kiganja. Ukifanya hivyo unaziba matundu yanayoipa huo uziwi, inaanza kusikia kila upande, inaisikia hata spika yenyewe, na hapo ndipo ule mlio unapozuka. Shika shingo, chini ya wavu.

Lakini jambo lililonifanya nichukue kalamu ni muda, na hapa nakueleza kitu ambacho sijawahi kukueleza.

Nilikuwa na miaka 23. Tulikuwa wa tatu kati ya bendi nne, tumepewa nusu saa. Siku hiyo watu walichangamka, wanaitikia kila kiitikio. Fundi akanimulika kwa tochi kutoka nyuma, ishara kwamba muda umekwisha, mara ya kwanza, mara ya pili. Niliiona. Nikamgeukia mpiga drams nikamwonyesha kidole: wimbo mmoja zaidi. Kisha mwingine. Tulizidisha dakika 18. Penye ngazi za jukwaa alikuwa amesimama mzee mmoja wa bendi ya mwisho, anapasha moto tarumbeta yake kwa kupuliza pumzi tupu isiyotoa sauti, vidole vinabonyeza, vinaachia, vinabonyeza. Walikuwa wamesafiri siku nzima. Baa ilikuwa na saa yake ya kufunga. Wakapiga nyimbo tatu, taa zikawashwa. Yule mzee akafuta tarumbeta kwa kitambaa cha manjano, akailaza kwenye kasha lake, akapita karibu yangu akasema, "Mmepiga vizuri." Alimaanisha. Nami sikumwomba radhi, kwa sababu makofi yalikuwa bado yananilewesha. Sikumwona tena.

Wakikwambia dakika 30, andaeni nyimbo za dakika 25. Wimbo wa mwisho ukiisha, toeni vyombo kwanza, kukumbatiana baadaye, na waya mkazikunjie nje ya jukwaa. Wenzenu watakuwa wameshika magitaa wanawasubiri, na zile dakika mnazochezea ni zao.

Kisha msiondoke. Kaeni mpaka bendi ya nne imalize, mbele, sio nje ya mlango. Usiku mzima masikio yatachoka, kwa hiyo nimekuwekea vizibo kwenye bahasha hii. Wataalamu wa afya kazini huhesabu saa 8 kuwa kikomo cha kukaa kwenye sauti ya desibeli 85, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda huo unakatwa nusu. Ikifika 100 zimebaki dakika 15 tu. Chumba kidogo chenye drams hufika huko bila shida. Chembe za ndani ya sikio zikifa hazioti tena, na mimi najua, upande wangu wa kushoto huwa nakuomba urudie maneno.

Utakapoanza huenda wakawa watu kumi, wengine wamekupa mgongo pale kaunta. Waimbie hao kumi. Usiwaulize wenzao wako wapi.

Nakuja. Nitasimama nyuma kabisa, karibu na fundi, ndiko muziki unakosikika ulivyochanganywa. Akikumulika, mimi nitakuwa pembeni ya hiyo tochi.

Mama yako