Ujumbe ulifika

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako miaka mingi bila kukusumbua kwa barua. Ila makala yenu ya Jumapili kuhusu meli ya Cap Arcona imenishinda kumeza. Mwandishi wenu kaeleza vizuri ndege za Typhoon za Uingereza zilivyoishambulia, tarehe 3 Mei 1945, maji ya baridi ya Ghuba ya Lübeck, na wafungwa wapatao 7,000 wa kambi ya mateso ya Neuengamme waliofia humo, siku chache tu kabla Ujerumani haijasalimu amri. Kisha akamalizia kwamba ilikuwa bahati mbaya ya vita. Bahati mbaya ni nazi kukuangukia kichwani.

Simtetei Mjerumani. SS, askari wa chama cha Hitler, ndio waliowasomba watu wale na kuwajaza kwenye Cap Arcona na meli nyingine, na nahodha wa Cap Arcona, Bertram, alipokataa kuwapokea alitishiwa risasi. Kamanda wa kambi, Max Pauly, alinyongwa 1946, na alistahili. Lakini mbona mmemruka Meja Noel Till? Huyu ni Mwingereza, alipewa uchunguzi wa mkasa huo mwaka 1945, na aliandika dhidi ya jeshi la kwao: tarehe 2 Mei, siku moja kabla, taarifa kwamba meli zile zina wafungwa ilipokelewa. Afisa wa upelelezi wa jeshi la anga alikiri. Muda wa kuwaonya marubani ulikuwepo, wa kutosha. Haikupelekwa. Till akataka uzembe huo wenyewe uchunguzwe.

Haikupelekwa! Mimi nimekuwa karani wa redio bandarini miaka 27, neno hilo nalijua harufu yake. Mwaka 1987, saa saba mchana, niliandika kwa mkono wangu taarifa ya boti iliyozimika mashine ikiwa na watu 11, nikaipeleka mezani kwa mkubwa. Mkubwa kaenda kula. Aliyekuwepo akasema, "Iache hapo, mzee akirudi ataiona." Asubuhi nikaikuta palepale, chini ya sahani ya kikombe, ina duara la chai. Wavuvi walikuwa wameshawaopoa 9. Baraza la uchunguzi likakaa siku tatu likiuliza nani alishika usukani, mashine ilifanyiwa matengenezo lini, mawimbi yalikuwaje. Nilikaa nje kwenye benchi siku zote tatu na kitabu changu cha redio mapajani, sikuitwa. Nahodha, ambaye naye alikuwa miongoni mwa wale wawili waliokufa, ndiye akaandikwa mzembe. Mkubwa alipandishwa cheo mwaka uliofuata, na kwenye sherehe yake nilichangishwa.

Halafu boti yenyewe ikapakwa rangi na kupewa jina jipya. Msidhani ni tabia yetu peke yetu: Thielbek, iliyozama siku ileile na Cap Arcona, iliibuliwa, ikakarabatiwa, ikaitwa Reinbek, ikarudi kubeba mizigo. Majina ya meli yanabadilika, ya abiria hayaandikwi kabisa. Mwezi uliopita nimevuka kwa tiketi yenye jina la mwanamke, na mjukuu wangu hakuandikwa popote kwa sababu "mtoto hahesabiwi". Tungezama, mngechapisha idadi gani?

Naomba mambo mawili. La kwanza, mrekebishe makala ile, ukurasa uleule, si kwenye kona ya matangazo ya viwanja. La pili ni kwa wakubwa wote wanaopokea taarifa, wa anga na wa maji: kila meza iwe na daftari la mistari lenye safu tatu, saa iliyoingia, nani kaipokea, nani kakabidhiwa na kutia sahihi. Linauzwa duka lolote la vitabu. Na kalamu ifungwe kwa uzi kwenye mguu wa meza, maana zetu zilikuwa zikiibwa kila wiki.

Karani mstaafu,
Tanga