Televisheni ya Hungaria si mitambo pekee

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma makala yenu kuhusu televisheni ya Hungaria, na nimefurahi kuona mmemkumbuka Kálmán Tihanyi, mvumbuzi wa Kihungari ambaye ombi lake la hataza (haki ya uvumbuzi) la mwaka 1926 kuhusu mfumo wa televisheni limo katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia tangu mwaka 2001. Hata hivyo, mwandishi wenu ametoka kwa mvumbuzi huyo na kurukia ving'amuzi na kuzimwa kwa mitambo ya analojia mwaka 2013, bila kuuliza ni nani aliyekishika kituo katika miaka yote ya katikati.

Matangazo ya kawaida yalianza tarehe 1 Mei 1957 kwa kuonyesha sherehe za Mei Mosi jijini Budapest, miezi michache tu baada ya vifaru vya Kisovyeti kuyazima mapinduzi ya 1956. Kituo kilichozaliwa katika hali hiyo kilikuwa cha dola na cha chama, na kilibaki hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Hata ratiba ya wiki ilipangwa kutoka juu: Jumatatu hakukuwa na matangazo, na desturi hiyo iliondolewa mwaka 1989 tu. Mama aliyenipangisha chumba Budapest nilipokuwa mwanafunzi aliniambia kwamba Jumatatu ndiyo iliyokuwa siku yao ya kutembeleana. Alilisema hilo kwa mapenzi, nami sikuthubutu kumbishia.

Utawala wa chama kimoja ulipokwisha, wengi walitarajia kituo kiwe huru mara moja. Badala yake kulizuka mvutano ambao Wahungari wenyewe huuita vita vya vyombo vya habari. Mwanasosholojia Elemér Hankiss, aliyeiongoza televisheni ya taifa kuanzia mwaka 1990, aliacha kiti hicho mwaka 1993 baada ya kuvutana kwa muda mrefu na serikali ya Waziri Mkuu József Antall. Sheria ya utangazaji ilipatikana mwaka 1996, na kwa sababu hiyo vituo vya kibiashara vya kitaifa, TV2 na RTL Klub, havikuanza hadi Oktoba 1997.

Jambo linaloniuma zaidi kuona limeachwa ni yale yaliyofuata sheria za mwaka 2010, zilizoviweka vyombo vya umma chini ya mfumo mmoja wa usimamizi na fedha. Katika uchaguzi wa mwaka 2022, Péter Márki-Zay, mgombea wa pamoja wa vyama vya upinzani, alipewa dakika tano katika televisheni ya umma kwa kampeni nzima, wakati huo picha ikiwa safi na ya dijitali kila kijiji.

Ninaomba mwandishi wenu airudie mada hii na kuieleza miaka hiyo aliyoiruka.

Wenu,
Msomaji, Dar es Salaam