Barua kwa Saidi, kabla ya kuwekewa mikono

Masasi

Ndugu yangu Saidi,

Salamu nyingi. Mama mkubwa hapo Lindi mwambie pweza wake wa nazi nimemkumbuka. Barua yako ilinikuta naokota korosho, nikaisomea chini ya mkorosho na kucheka peke yangu. Eti nikishakuwa padri unipe shikamoo! Umenizidi miezi minne, shikamoo endelea kuidai wewe.

Unauliza, kama tayari ni shemasi na kanzu navaa, kinachoongezeka ni nini. Kwa macho ni stola tu, kile kitambaa kirefu chembamba cha juu ya kanzu: shemasi anaipitisha bega la kushoto ikashukia ubavu wa kulia, padri anaivaa shingoni, ncha zote mbili mbele. Nabatiza, nasoma Injili, nazika, wagonjwa nawapelekea komunyo. Ila kuweka wakfu mkate na divai siwezi, wala kutamka maondoleo ya dhambi. Nilidhani ni taratibu tu za kanisa letu la Anglikana, hadi usiku mmoja wa mvua.

Nilifuatwa na bodaboda saa saba usiku: mzee mmoja yuko mahututi, anataka kuungama. Nilimkuta juu ya kitanda cha kamba, chemli iko chini, akashika upindo wa kanzu yangu. "Padri..." Nikamwambia, babu, mimi shemasi, padri tumeshamwita. Padri alikuwa ng'ambo ya mto, na mto umejaa. Nikasali naye, nikamsomea zaburi. Kila ikisikika pikipiki anafumbua macho. Alfajiri akafariki, hajaungama. Mungu naamini hakuwa akisubiri pikipiki. Mzee ndiye aliyekuwa anasubiri, nami nimekaa hapo hapo pembeni yake.

Basi wajomba wakinipongeza kwamba nimepanda cheo, nanyamaza. Mmoja ameshauliza gari nitapewa lini! Mwingine anataka nimfungishie mwanawe ndoa wiki hiyo hiyo. Kumbe kuwekewa mikono peke yake hakutoshi, serikali nayo inataka leseni, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inadai taarifa ya siku 21. Wangoje.

Kinachonitisha mimi ni siri. Nitakayoyasikia kwenye maungamo sitamwambia mtu, hata mke wangu. Mwenyewe amesema afadhali, ya jirani zetu anayoyajua yanamtosha.

Chuoni Rondo tulisoma habari za Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika UMCA, ile misheni ya Waanglikana kutoka Uingereza, mwaka 1890. Alikuwa Chitangali, kwa Wayao, mbali na mapadri wenzake. Zamani nilimwonea fahari tu. Siku hizi namfikiria akigongewa mlango usiku, na hana mwingine wa kumwita.

Siku yenyewe nitapiga magoti, askofu aniwekee mikono kichwani, na mapadri waliopo waongeze ya kwao. Waliotangulia wanasema shingo inauma kweli. Nataka uwepo, ukae mbele na mama, kofia yako usiivue kwa ajili yangu. Mbuzi atachinjwa na jirani yetu Mwislamu, kwa hiyo sababu ya kukataa chakula huna.

Ukishuka stendi, mwambie wa bodaboda akupeleke kwa mama yake shemasi. Usiseme padri. Bado siku kumi na tisa.

Ndugu yako,
Denisi