Barua ya wazi kwa mkubwa wa shule zetu: mtoto asitolewe getini peke yake

Mheshimiwa,

Kwa heshima tunayowapa daima, tunawaandikia sisi wazazi na walezi wa Lubumbashi, Kongo. Baadhi ya watoto wetu wana usonji, au otisme kama tunavyosema wengi huku: ubongo wao unapokea sauti, maneno na watu kwa namna tofauti. Wengine hawawezi kutulia kitini, wengine herufi zinawachanganya. Tarehe 2 Aprili, siku ya usonji duniani, mlifika ukumbini na fulana ya bluu, mkakata keki, mkapiga picha na watoto, mkatuahidi waraka kuhusu watoto hawa kwa wakuu wote wa shule kabla ya masomo kufunguliwa Septemba. Picha tulizipata haraka sana. Waraka bado uko njiani, na njia zetu wakati wa mvua mnazijua.

Wiki iliyopita, katika shule moja ya Katuba, hapahapa mjini, mtoto wa miaka minane asiyesema alitolewa getini saa nne asubuhi, peke yake, na karatasi mfukoni: "Anasumbua darasa. Arudi akishapona." Alionekana jioni akitembea katikati ya reli, akikanyaga taruma moja moja bila kuruka hata moja. Usonji si malaria, Mheshimiwa. Mtoto amezaliwa nao, atakua nao, na hakuna sindano wala maji ya baraka ya kuutoa. Kwa hiyo kusema arudi akipona ni kusema asirudi.

Mwalimu anasema mtoto alijitupa chini, akapiga kelele, akajigonga kichwa ukutani. Tunamwamini. Tunachouliza ni kilichotangulia. Asubuhi hiyo mvua ilipiga mabati, darasa zima likapaza sauti ili lisikike, kisha kengele ya shule, yaani ringi ya gari iliyotundikwa kwenye mwembe, ikagongwa kwa chuma, na mwembe wenyewe uko hatua chache kutoka dirishani. Kwa mtoto mwenye masikio ya namna hii sauti haziji moja moja. Zinaingia zote kwa nguvu ileile, na ubongo unashindwa kuchagua ipi iachwe. Ukijaa, mwili unalipuka.

Huo si ukaidi, na kuutofautisha si kazi ngumu. Mtoto mkaidi anachungulia kama unamtazama, anajilinda asiumie, na akipewa biskuti ananyamaza. Aliyelemewa hakutazami, anaweza kujiumiza, na hata ukimpa ulichodhani anakitaka haachi, kwa sababu hakuwa akitaka kitu. Fimbo hapo inaongeza maumivu juu ya kelele. Kumvuta mkono ni vibaya vilevile. Wanaosogezwa ni watoto wengine, si yeye. Mwalimu aweke mfuko wa vitabu au sweta kati ya kichwa na ukuta, kisha anyamaze, maana maneno nayo ni kelele. Mtu mmoja tu abaki karibu, pembeni, bila kumkazia macho. Inaweza kuchukua dakika ishirini, inaweza kupita nusu saa. Akitulia atakuwa amechoka kama aliyetoka kwenye homa: apewe maji, aachwe alale akitaka. Kosa la wengi ni kumhoji palepale, "Kwa nini umefanya hivi?" Swali hilo linaanzisha yote upya.

Kazi yenyewe inakuja baadaye. Daftari moja, kurasa zimegawanywa safu tatu: kabla, wakati, baada. Andika saa, kelele iliyokuwepo, nani alikuwa karibu, kama mtoto amekula. Baada ya wiki mbili hivi utaona wazi kama shida ni kengele, au ni saa ya mazoezi uwanjani, au ni pale somo linapobadilishwa ghafla. Tumeona shule zinazoandika neno "mkorofi" mwezi mzima bila kuandika saa hata siku moja. Daftari la hivyo halimsaidii mtu.

Dawa ya kengele ni rahisi kiasi cha kutia aibu. Mtoto akae mstari wa mbele, pembeni, bega likiwa ukutani, mbali na mlango. Aambiwe dakika moja kabla. Bora zaidi, apewe yeye kazi ya kuigonga, kwa sababu sauti unayoitoa mwenyewe haikushtui. Zipo pia kaski za kuzuia kelele, zinazofunika masikio, zilezile wanazovaa wafanyakazi wa migodi na wachomeleaji, na katika mji wa shaba kama huu hazikosekani. Ila zivaliwe wakati wa mvua na wa kengele tu. Akishinda nazo kutwa, masikio yanazidi kuwa makali, na siku kaski ikipotea hakuna darasa tena. Pamba haifai: inazuia kidogo sana na inaweza kubaki ndani.

Tunajua madarasa yamefurika tangu elimu ya msingi ya bure ilipoanza kutekelezwa mwaka 2019. Hatuombi mwalimu wa pili kwa kila mtoto (ingawa hilo nalo lilitajwa siku ya keki). Tunaomba karatoni. Boksi la sabuni linatoa kadi nyingi, kila moja upana wa kiganja. Juu yake unachora kwa kalamu nyeusi: kitabu, kalamu, mpira, chakula, nyumba. Kadi zinabanwa kwa vibanio vya nguo kwenye kamba, kutoka kushoto kwenda kulia, kwa mpangilio wa mambo ya siku, na kila jambo likiisha mtoto mwenyewe anageuza kadi. Zinaharibikia wapi? Mwalimu anatundika kumi na mbili siku ya kwanza. Aanze na mbili tu: kwanza kuandika, kisha mpira. Na mpira uje kweli. Ukiahidi mpira halafu ukaleta hesabu, kadi zimekufa, mtoto hataziamini tena. (Watu wazima nao wako hivyo na ahadi, mtatusamehe.) Iwepo kadi moja ya rangi nyekundu kwa siku ambayo mpango umebadilika, aoneshwe kabla, si baada.

Kuhusu kusema naye: jina lake kwanza, kisha agizo moja, kisha hesabu kimyakimya hadi kumi. Mwalimu akirudia haraka kwa maneno mengine, mtoto analazimika kuanza kusikiliza upya. Mwambie "tembea", usimwambie "usikimbie". Akirudia maneno yako kama kasuku hakudharau; mara nyingi ndiyo njia yake ya kushika maneno. Na wazazi waache kuambiwa kwamba Kiswahili cha nyumbani ndicho kilichomharibu. Lugha mbili hazileti usonji, na kumnyima mtoto lugha ya mama yake hakumpi Kifaransa.

Kwa asiyetulia, igawe kazi: mistari mitatu, afute ubao, mistari mitatu mingine. Anayechanganya b na d asisimamishwe kusoma mbele ya wote. Aulizwe kwa mdomo, mtashangaa anayoyajua.

Sasa kuhusu kuombewa. Hatuna ugomvi na imani ya mtu, wengi wetu tunasali. Lakini karatasi ya shule inapomaliza kwa "mpelekeni kwenye maombi", tunajua kinachofuata: mtoto anafungishwa asile siku kadhaa, na watu wa mtaa wanaanza kunong'ona kwamba ni mlozi, yaani mchawi. Baadhi ya watoto hawa wana kifafa pia. Dawa yao, kama fenobabitali, ikikatwa ghafla, degedege linaweza kufuatana bila kusimama, na mtoto anaweza kufa. Kwanza apimwe masikio, maana kuna asiyeitika kwa sababu hasikii; anayetetemeka au anayeganda macho apelekwe kwa daktari. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu kumshutumu mtoto ulozi. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wanaoishi na ulemavu. Katiba yetu ya 2006 inasema shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ya bure. Haijasema "kwa watoto wanaonyamaza".

Kwa nini waraka hautoki? Hatujaambiwa, tunabaki kukisia. Labda unangoja pesa za semina. Labda mtu ofisini anaona hawa ni watoto wachache, na hatuna wa kututetea juu. Wakati huo mama anayerudishiwa mtoto hafungui meza yake sokoni, na siku hiyo hakuna bukari, ugali wetu. Kesho yake vilevile. Wapo wanaomfunga mtoto ndani ili waende kutafuta, na tunajua mtu akisikia hivyo atawahukumu wao, hataihukumu shule iliyofunga mlango kwanza.

Mheshimiwa, tulikuwa na mengi ya kudai. Kama waraka mzima ni mzigo, toeni sentensi moja, tumeshawaandikia: "Hakuna mtoto atakayetolewa shuleni saa za masomo isipokuwa mkononi mwa mtu mzima wa kwao." Haihitaji bajeti. Haihitaji ukumbi. Inahitaji sahihi yenu na muhuri, na ibandikwe kwenye geti la kila shule wiki hii. Namba zetu ziko kwenye madaftari ya uandikishaji. Mkuu wa shule akikosa uniti atubipu tu, sisi tutapiga, na tutakuja kumchukua.

Wazazi na walezi,
Lubumbashi