Faini 126 halafu wanashangaa kunyimwa kura

Mhariri, eti watu wanashangaa chama cha Conservative cha Uingereza kubakiwa na viti 121 tu bungeni kwenye uchaguzi wa Julai 2024, mi wala sishangai. Kipindi cha korona waliwakataza watu kukusanyika, huku wenyewe Downing Street, kwenye ofisi ya waziri mkuu, wanakunywa, Aprili 2021 usiku wa kuamkia mazishi ya Prince Philip, mume wa Malkia, zikapigwa pati mbili palepale, sanduku la safari likapelekwa dukani likarudi limejaa mvinyo, kesho yake Malkia kakaa peke yake kanisani na barakoa yake nyeusi. Polisi wakatoa faini 126, Boris Johnson, waziri mkuu wa wakati huo, naye akalimwa, na ndo huyohuyo aliyeliambia Bunge kanuni zilifuatwa! Akaja Liz Truss kushika uwaziri mkuu, miezi miwili hakumaliza, riba za mikopo ya nyumba zikapaa. Sasa wapigiwe kura na nani?