Krismasi Njema, na Atakayepita Mjini Alete Betri

Chamgei wapendwa, mlio njiani na mliokwisha kufika. Heri ya Krismasi! Nauli imepanda kama kila Desemba, najua, na kuna mmoja wenu amebanwa kwenye matatu tangu Nairobi, mikate mapajani. Pole. Chai iko jikoni, na mursik, maziwa yetu ya mgando, imeshaiva.

Nilifika jana nikakuta nyumba kimya, nikajua sikukuu bado haijaingia. Huku kwetu Kericho haiingii kwa chapati wala kwa mbuzi. Inaingia pale Jim Reeves, yule mwimbaji wa country wa Marekani, anapoanza kuimba sebuleni kwa ile sauti yake nzito, kama mtu anayembembeleza mtoto asiamke. Albamu yake ya Krismasi, nyimbo 12, ilitoka 1963, na Julai ya mwaka uliofuata ndege yake ikaanguka karibu na Nashville. Alikuwa na miaka 40. Baba alipokuja kumpenda, mwenyewe alishalala kaburini siku nyingi.

Nyinyi wadogo hamkuona shughuli ya kumsikiliza kwa kanda. Wiki nzima kabla ya sikukuu betri zilianikwa juu ya mabati ya jiko zipate nguvu za kumalizia mwaka. Na redio ikila kanda, hakuna aliyethubutu kukohoa. Baba aliuchomoa utepe kwa ncha za vidole, akatia penseli kwenye tundu, akazungusha polepole huku ametoa ulimi pembeni. Wimbo wa tatu, upande wa pili, ulibaki na mkunjo. Mpaka leo nikiusikia kwingine bila ule mkwaruzo, naona kama ameukosea.

Mwaka jana spika yenu ikarindimisha gengetone, huo muziki wenu wa vijana wa Nairobi, hadi kwa jirani. Baba akasema huo si muziki. Usiku, mmoja wenu (simtaji) akamchukua Jim Reeves akamtilia mdundo chini yake. Mzee akatingisha mguu kidogo, kisha akakumbuka kwamba amekasirika.

Mimi nilicheka, maana Babu naye alimwambia Baba maneno hayo hayo: unasikiliza mzungu wa kulialia na chepkong, kinubi chetu, imetundikwa ukutani! Lakini hata rika la Babu msilione safi. Mwaka 1950, pale Kapkatet, Hugh Tracey, mzungu aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alirekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba Chemirocha. Chemirocha ndiye Jimmie Rodgers, mpiga gitaa wa Mississippi aliyefariki 1933, sauti yake ikafika huku kwa gramafoni. Jina wakalipindua likae vizuri mdomoni, na mwenye jina wakamfanya nusu mtu nusu swala, wakamwimba kwa chepkong ile ile ya ukutani. Kumtilia Jim Reeves mdundo ni kitu kidogo sana mbele ya hilo. Msimwambie Baba nimesema.

Basi atakayepita mjini alete betri nne, zile kubwa. Redio nimeijaribu, inaimba. Ni kitufe cha kurudisha nyuma tu ndicho kimevunjika. Spika leteni pia, ila mkesha wa Krismasi mpaka saa tatu usiku ni zamu ya Mzee. Penseli ninayo.