Barua kwa mwanangu: maji ya magotini

Mwanangu Neema,

Pokea salamu za mama yako na za wote hapa nyumbani. Hatujambo. Jumapili ulipopiga simu mtandao ulikatika mara tatu, na kila ulipokatika ndipo nilipokuwa nimefika kwenye neno lenyewe. Nimeona bora niandike. Kijana wa duka ataipiga picha barua hii akutumie kwenye simu. Mwandiko wangu unaujua, usilalamike.

Kwanza hongera. Nimekwisha kuwatangazia watu wote kuanzia gatini mpaka sokoni kwamba binti yangu anakwenda Senegali kwa miezi mitatu. Wananiuliza, huko kuna nini? Najibu, kuna magugu. Wanacheka. Halafu wananipa pole, wakidhani naogopa ndege, au mashua. Tangu kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka pale Ukara Septemba 2018, ukimtajia mtu wa Ukerewe maji anawaza kuzama. Sikatai, na jaketi la kuokolea ulivae, hata wenzako wakikuona mshamba. Lakini mimi siogopi maji ya kina. Naogopa maji ya magotini.

Ule utafiti wa kichocho ulionisimulia nimeuelewa, ingawa ulikuwa unakimbiza maneno kama mama yako. Bwawa la Diama lilipofungwa mwaka 1986, maji ya chumvi ya bahari hayakuweza tena kupanda Mto Senegali. Maji yakawa hayana chumvi mwaka mzima, mashamba ya miwa na mpunga yakapanuka, konokono wanaobeba mdudu wa kichocho wakapata makao. Kamba waliokuwa wakiwala konokono hao (kamba wa mtoni, si wa kufungia mbuzi, nilivyomweleza mdogo wako) wakakatiwa njia, maana wao huzalia penye chumvi. Ilipofika 1988 kichocho kikalipuka mjini Richard-Toll, mahali ambapo kichocho cha tumbo kilikuwa hakijulikani. Mbolea nayo inatiririka toka mashambani hadi mtoni, inayalisha magugu ya chini ya maji, na konokono anaishi humo kama panya ghalani. Kisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Notre Dame kule Marekani, pamoja na Wasenegali, wakachagua sehemu 16 ambako watu huchota maji na kuoga. Nane wakang'oa magugu, nane wakaziacha. Matokeo yakatoka mwaka 2023: kule kulikoachwa, watoto wa shule walikutwa na kichocho cha tumbo mara 1.46 ya wale wa kulikong'olewa. Na magugu yenyewe hayakutupwa, mifugo ikala, mengine yakawa mboji.

Kazi nzuri. Ningekuwa bado nafundisha ningeichora ubaoni. Lakini nilikuuliza swali moja na ulicheka tu, kwa hiyo nauliza tena. Hayo magugu, nani anayeingia majini kuyang'oa?

Usinijibu kwamba mna vifaa. Vifaa gani? Viatu vinaishia wapi? Ile suruali ya mpira inayofika kifuani, kila mtu ana yake au mnaazimana? Umesoma kuliko mimi, lakini mimi nimekaa na ziwa hili la Viktoria miaka 63. Yule mdudu akishatoka kwenye konokono anahitaji dakika chache tu kupenya ngozi. Huhisi kitu. Mamba utamwona, huyu humwoni. Na anatoka kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia saa nne hivi mpaka saa nane mchana, saa zile zile watafiti wanazozipenda kwa sababu picha zinatoka vizuri. Nendeni alfajiri. Maji ya kuoga, kama ni ya mtoni, yachemsheni au yakae kwenye pipa siku mbili kabla ya kuyagusa, na pipa lifunikwe.

Na ukirudi, upime. Ukikutwa nacho ukameza dawa, usijione umemaliza. Prazikwanteli inaua minyoo iliyokomaa, wale wachanga inawaacha. Ndiyo maana mtu hurudia baada ya wiki kadhaa. Wewe ndiye uliyenifundisha hilo, nakurudishia.

Babu yako hakuwa na wa kumwambia hayo. Kifo chake unakijua, sirudii. Ila kuna jambo ambalo hukuelezwa kwa sababu ulikuwa mdogo. Sisi wote tulidhani kichocho ni kukojoa damu. Mzee hakukojoa damu hata siku moja, tumbo lilijaa tu, na mwisho akatapika damu ikajaa beseni. Hatukujua kuwa kichocho cha ziwa hili kinakaa kwenye mishipa ya utumbo na kuharibu ini taratibu, miaka ishirini, thelathini. Tukatafuta mchawi. Tukampata, maana mchawi hakosekani ukimtafuta, mzee mmoja jirani aliyekuwa amegombana na babu yako kwa ajili ya nyavu. Akahama kijiji. Mwanawe ndiye fundi anayetutengenezea injini ya mtumbwi, na hajawahi kuninyima mkopo. Kila nikimlipa mkono unakuwa mzito, na si kwa sababu ya pesa.

Kuhusu vidonge vya shuleni. Mwaka 2008 ulikuwa darasa la tatu. Zilipotufikia habari za Morogoro, kwamba watoto wamemeza vidonge vya kichocho wakaugua na wazazi wakavamia shule kuwatoa wanao, huku kwetu kila mtu alikuwa na lake la kusema. Mimi nilikuwa mwalimu. Kile kijiti cha kupimia urefu nilikishika mimi: mtoto anasimama, unasoma alama, vidonge viwili, vitatu, vinne, maji kikombe kimoja, fungua mdomo nione. Nilipima watoto wa watu asubuhi nzima. Siku hiyo wewe ulikuwa kwa bibi yako, mama yako alikuwa anahitaji mtu wa kumpelekea mihogo. Hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye daftari la mahudhurio.

Mihogo ingeweza kusubiri. Sasa najua kwamba wale watoto tumbo liliwauma kwa sababu minyoo ilikuwa inakufa ndani yao, na kwamba wengi walimeza bila kula kitu. Tungewapa uji kwanza. Ulipopimwa chuoni mwaka wa kwanza ukakutwa nacho, ulinitumia ujumbe mfupi tu kwamba umepata dawa na unaendelea vizuri. Hukuuliza kitu. Nami sikuuliza kwa nini hukuuliza.

Basi meza, mwanangu. Kula kwanza, umeze.

Mdogo wako ananiambia ukirudi mtatoboa tope la ziwa letu kwa bomba refu, na kwamba kwenye tope hilo mnasoma chavua, majivu ya moto wa zamani na meno ya samaki. Nilimwambia anatania. Kisha akanisomea kwenye simu kwamba ziwa hili lote lilikauka miaka kama 16,000 iliyopita, samaki na kila kitu, likajaa upya. Nilitoka nje nikaliangalia. Lilikuwa limetulia kama kawaida yake. Sijui kama nilifurahi kuambiwa hivyo.

Lakini ile habari ya tope kuonyesha kwamba mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, kadiri watu na mashamba yalivyoongezeka pembezoni, hiyo niliamini mara moja. Sangara aliletwa miaka ya 50 na 60, gugumaji likaonekana mwishoni mwa miaka ya 80, na wazee wetu walidhani mabaya yote yalianzia hapo. Kumbe ziwa lilikuwa limeanza kuumwa kabla yangu. Ukifika kwenye sehemu hiyo ya kazi yako niandikie kwa kirefu, hayo ndiyo ninayoyataka. Tope linatobolewa kutoka juu ya mashua, si kwa kusimama majini? Kama ni kutoka juu ya mashua, sina neno.

Mtoto wa dada yako ametimiza miaka miwili na anajua njia ya ufukweni kuliko mimi. Dada yako anafua, mtoto anacheza na makopo pale pale penye magugu. Nimesema mpaka nimeitwa mkorofi. Ulisema kuna dawa mpya ya watoto wadogo, inayeyuka kwenye maji na si chungu kama ile ya zamani, na kwamba wakubwa wa dawa Ulaya waliipitisha mwishoni mwa 2023. Je, imefika Mwanza? Uliza watu wako. Nauli ya meli ya kwenda kuifuata nitaitoa mimi, dada yako asijue.

Mambo mengine ni ya kawaida. Dagaa wamepatikana wengi giza hili, lakini mvua imenyesha wakiwa mchangani na nusu wameoza. Bati la jikoni limeng'oka upande wa magharibi. Laki mbili ulizotuma mama yako amelipia ada ya mdogo wako, zilizobaki anasema ni siri. Goti lake linamsumbua ila hataki kusikia habari za hospitali. Mchungwa wa mbele umezaa sana mwaka huu, na sina wa kumtumia gunia huko kwenu, maana utakuwa umeondoka.

Kaka yako ameacha vile viatu vyake virefu vya mpira, namba 40. Jana nilivijaza maji nikavitundika uwani usiku kucha. Cha kulia kimeshika. Cha kushoto kilikuwa kinadondosha tone moja moja kisiginoni, nimekitia kiraka cha tyubu ya baiskeli na leo nakijaribu tena. Ijumaa navipakia kwenye meli. Mama yako anasema mguu wako ni namba 38, kwa hiyo vaa soksi mbili.

Ni mimi baba yako.